Ufa Uliozibwa Ukawa Ukuta

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Solai, Kaunti ya Nakuru. Shamba langu liko chini kidogo ya mojawapo ya zile kingo za ardhi zinazotazama magharibi. Mtafuta maji aliyekuja na fimbo za shaba alisema ukingo ule ni ufa, na ufa ni bomba la maji, basi tuchimbe karibu nao. Tukachimba. Hadi mita 95 mwamba ulikuwa wa kijivu na mashine ilishuka vizuri. Kuanzia hapo ikaanza kulia, ikawa inatoa vipande vya mawe yaliyovunjika yakashikana tena, yenye mishipa myeupe, kama zege. Tulipofika mita 140 bado mwamba ulikuwa ule ule na pesa zikaisha. Maji yamesimama mita 104 na hayafiki lita 500 kwa saa. Jirani yangu aliye juu ya ukingo, kama mita 150 mashariki, anapata lita 6,000 kwa saa na maji yake yamesimama mita 58. Nimeidondoshea ndimu ile mishipa myeupe: mingine inatoa povu, mingine haitoi. Je, nilidanganywa? Na hiyo saruji, nani aliimwaga huko chini?

Jibu: Mwalimu, salamu kutoka mjini. Kwanza asante kwa ile ndimu. Watu hunitumia picha za simu zenye ukungu na kuniuliza "hili ni jiwe gani?", lakini waliowahi kufanya jaribio wenyewe kabla ya kuniuliza nawahesabu kwa vidole. Ndimu yako imenipa nusu ya jibu. Nusu nyingine imo katika zile namba mbili, 104 na 58.

Hukudanganywa kabisa. Uliuziwa nusu ya ukweli kwa bei ya ukweli mzima. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji tunayokunywa Nakuru hutoka kwenye miamba iliyopasuliwa na mivutano ya Bonde la Ufa, na kwamba mtu anayetafuta maji hapa asipouliza nyufa ziko wapi anacheza bahati nasibu. Lakini ufa si bomba. Una sehemu zake, na sehemu moja ya ufa huo huo inaweza kuwa njia ya maji huku nyingine, hatua chache kando, ikiwa boma.

Ufa ninaouzungumzia ni mahali miamba ilipokatika na upande mmoja ukateleza kuupita mwingine. Miamba yenye uzito wa mlima ikisuguana namna hiyo, katikati husagika: unakuta unga, changarawe na mawe yenye ncha, vyote vimechanganyika. Huo ndio moyo wa ufa. Nje ya moyo, kila upande, mwamba haukusagika. Ulipata mipasuko mingi, kama sahani iliyoanguka ikapasuka lakini vipande vyake bado vimekaa mahali pake. Ukanda huo wa mipasuko unaweza kuwa wa mita chache au mamia ya mita, kutegemea ufa umesogea kiasi gani. Maji hupenda ukanda wa mipasuko. Moyo, hasa ukiwa umesagika kuwa unga au umezibwa, huyazuia. Kwa hiyo ufa mmoja huweza kuyapitisha maji vizuri sana kwa urefu wake, kutoka kaskazini kwenda kusini, na wakati huo huo ukayakatalia kuvuka kutoka mashariki kwenda magharibi.

Mimi mwenyewe, miaka yangu ya kwanza kazini, nilimwekea mteja alama katikati kabisa ya mstari wa ufa, upande wa Mbaruk, nikijivuna kwamba nimeupata kwa picha za ndege. Tukatoboa moyo. Tulichopata ni tope la mfinyanzi lililoganda kwenye bomba. Alinilipa, lakini chai sikukaribishwa tena.

Sasa tuje kwenye saruji, maana hapo ndipo penye utamu.

Saruji hiyo ililetwa na maji yenyewe. Tazama birika la nyumbani ambalo limechemsha maji ya kisima kwa mwaka mzima. Ndani limevaa ukoko mweupe na hakuna aliyeupaka. Maji yaliingia yakiwa yamebeba chokaa isiyoonekana kwa macho. Moto ukaifukuza hewa ukaa iliyokuwa ikiisaidia chokaa hiyo kukaa ndani ya maji, nayo ikajibandika kwenye kuta za birika. Ufa ni birika la namna hiyo, ila limekaa jikoni maelfu ya miaka na hakuna aliyelisugua.

Mishipa yako inayotoa povu ni kalisaiti, madini yale yale ya jiwe la chokaa. Kalisaiti ina tabia ya kinyume. Sukari huyeyuka haraka zaidi kwenye chai ya moto, lakini kalisaiti hukataa kuyeyuka kadiri maji yanavyozidi kupata moto. Tena haipendi shinikizo lishuke. Fungua chupa ya soda uone: gesi iliyokuwa imetulia kwa kubanwa inatoroka mara moja. Maji ya chini kabisa nayo yamebanwa hivyo, yamejaa hewa ukaa. Yakipanda kupitia ufa, au ufa ukitikiswa na kufunguka ghafla, shinikizo hushuka, gesi hutoroka, na kalisaiti huganda pale pale kwenye nafasi iliyofunguka. Wanajiolojia wanaosoma vipande vya visima vya mvuke, kama vile vya Olkaria na Menengai, wakikuta kalisaiti yenye umbo la bapa jembamba kama visu, huandika kwamba maji yaliwahi kuchemka mahali hapo.

Mishipa isiyotoa povu karibu hakika ni silika, madini yale yale ya mchanga na kioo. Ihakikishe kwa kukwaruza chupa ya kioo: ikiacha mkwaruzo, ni kwatzi, yaani silika iliyoganda kuwa fuwele, au jamaa zake. Silika ina tabia tofauti na kalisaiti. Inapenda moto. Maji yaliyokaa na kwatzi kwenye nyuzi joto 250 hubeba zaidi ya miligramu 400 za silika kwa kila lita. Yakishapoa hadi nyuzi 25, kwatzi huyaruhusu kubaki na chini ya miligramu 15. Silika ni mzito wa kuamua, inaweza kuzubaa ndani ya maji yaliyopoa kwa muda mrefu kabla ya kuganda, lakini mwisho huganda, na ikiganda haiondoki kwa ndimu wala kwa asidi tunazotumia visimani.

Kuna na saruji ya tatu ambayo huenda hukuiona kwa sababu haina rangi ya kuvutia. Majivu ya volkeno yamejaa chembe za kioo, na kioo hicho kikikaa na maji hugeuka polepole kuwa mfinyanzi na madini ya jamii ya zeolaiti. Hayo hayatoi povu wala hayakwaruzi chupa. Lowesha kipande ukipapase kwa kidole gumba: kikiteleza kama sabuni, ni mfinyanzi. Katika miamba yetu ya Nakuru, ambapo tabaka za majivu zimelaliana na lava, mfinyanzi huziba nyufa nyingi kimyakimya kuliko hayo madini meupe yanayosifiwa.

Kama ungependa kuuona mtambo huu ukiwa kazini, wapeleke wajukuu Loburu, ufuko wa magharibi wa Ziwa Bogoria. Zile chemchemi ambazo ziwa halijazifunika bado zinatokota na kuruka, wageni wanachemshia mayai, na mawe yote ya kando yamevikwa maganda. Maji yale yanapanda kwenye nyufa za sakafu ya Bonde, yanafika juu, yanapoteza moto na gesi, na yanaacha mzigo wake. Baadhi ya matundu ya zamani yamejiziba kabisa. Maji yakatafuta pengine pa kutokea.

Je, ukoko mwembamba tu unaweza kukausha kisima? Unaweza, na hesabu yake ni ya kushtua. Maji yanayopita kwenye mpasuko mwembamba hutegemea upana wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mpasuko wa milimita 1 ukivaa madini kila upande hadi ukabaki nusu milimita, maji hayapungui nusu. Yanabaki sehemu moja ya nane. Ukibaki robo milimita, ni sehemu moja ya 64. Kwa hiyo mwamba unaweza kuonekana una nyufa chungu nzima, kila moja ikiwa na utepe mweupe wa unene wa ukucha, na bado ukawa mkavu.

Tena zege hilo hubadilisha nguvu ya mwamba. Moyo wa ufa uliosagika hivi karibuni ni laini, unaweza kuuchota kwa mkono. Ukishamwagiwa silika na kalisaiti kwa muda mrefu huwa mgumu sana, wakati mwingine kuliko miamba ya pembeni, na ndiyo maana mashine yako ililia. Mahali ambapo mvua na upepo vimekula ardhi ya kandokando, moyo wa namna hiyo hubaki umesimama juu ya ardhi kama tuta la mawe. Na tetemeko likija tena, mara nyingi mwamba haukatiki hapo palipoungwa. Unakatika kando yake, penye udhaifu, na ufa unazidi kupanuka kwa upana badala ya kurudia mstari ule ule.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Chini ya shamba lako, kule kuziba ndiko kulikojenga ukuta.

Lakini usidhani ukishazibwa umezibwa milele. Ukipata kipande kizuri katika gunia lako, tazama mshipa mmoja kwa kioo cha kukuzia. Huenda ukaona mistari mingi sambamba, mwembamba juu ya mwembamba, kama vitunguu. Kila mstari ni safari moja: ufa ulifunguka kidogo, maji yakapita, madini yakaziba, ukafunguka tena. Tazama pia ni mshipa upi unaoukata mwenzake. Ule unaokata ndio mdogo kwa umri. Kama kalisaiti inaikata silika, basi maji ya moto ya silika yalitangulia, na haya ya kalisaiti yakaja baadaye.

Ukanda wako si mgeni wa mitikisiko hiyo. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, lenye ukubwa wa takriban 6.9, liliipasua ardhi kwenye guu la ukingo wa Marmanet kwa makumi ya kilomita. Tetemeko la namna hiyo hufungua njia za maji kwa dakika moja, kisha madini na matope huanza kazi ya kuzifunga. Huko China, baada ya tetemeko la Wenchuan la mwezi Mei 2008, wataalamu walichimba kisima kuukata ufa wenyewe na kupima maji yanapenyaje. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu upenyaji ulikuwa ukipungua, ufa ukijiponya kama kidonda, isipokuwa pale matetemeko ya mbali yalipoutikisa na kuufungua tena kidogo. Mwaka mmoja na nusu! Tulizoea kuhesabu kazi ya miamba kwa maelfu ya miaka.

Wasomaji wa Kakamega na Vihiga wanaujua mchezo huu kwa jina jingine, dhahabu. Mishipa ya kwatzi iliyowavuta watu wa mbio za dhahabu miaka ya 1930, na ambayo wachimbaji wadogo bado wanaifuata kwa sururu na taa za kichwani, ni nyufa zilizozibwa katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Richard Sibson, mwanajiolojia wa New Zealand, alieleza na wenzake mwaka 1988 jinsi ufa unavyoweza kufanya kazi kama kifuniko cha sufuria ya kutokota. Madini yanaziba, shinikizo la maji chini linapanda, kifuniko kinaruka, maji yanafoka juu na kuacha kwatzi pamoja na dhahabu, kisha kifuniko kinarudi. Mchezo huo ukirudiwa mara nyingi, mshipa unanenepa. Kwa mtafuta maji wa kule, kwatzi hiyo ya kale si neema sana. Maji yake kwa kawaida yamo kwenye tabaka la juu lililooza, au pale mwamba ulipopasuka upya kandokando ya mshipa, kwa sababu kwatzi ni ngumu lakini huvunjika kama kioo.

Turudi kisimani kwako.

Ukingo unaotazama magharibi katika Bonde letu kwa kawaida ni dalili kwamba upande wa magharibi ndio ulioshuka, na uso wa ufa unainamia magharibi, tena kwa mwinamo mkali, tuseme nyuzi 70 kutoka usawa. Wewe uko magharibi mwa ukingo. Kwa hiyo kisima chako kinashuka wima, na ufa unakijia kwa mshazari kutoka mashariki. Kwa mwinamo huo, kisima kilichochimbwa mita 35 kutoka kwenye mstari wa ufa kitaugonga karibu mita 95 chini. Hebu hesabu hatua kutoka kisimani hadi kwenye guu la ukingo. Zikikaribia hapo, basi tumeelewana na ardhi.

Zile mita 45 ulizochimba ndani ya zege usizichukulie kuwa unene wake. Ukikata muhogo kwa mshazari unapata kipande kirefu kuliko upana wa muhogo. Mita 45 za wima kwenye mwinamo wa nyuzi 70 ni kama mita 15 za unene halisi. Na hukutoka upande wa pili. Kisima chako, Mwalimu, kimeishia ndani ya ukuta.

Sasa zile namba mbili. Tuseme ardhi ya jirani iko mita 10 juu ya yako. Basi uso wa maji yake uko mita 56 juu ya uso wa maji yako, kwa umbali wa mita 150 tu. Penye njia wazi maji hayawezi kusimama ngazi namna hiyo, kama vile uji hauwezi kurundikana upande mmoja wa sufuria. Kuna kitu kinayashikilia. Mvua ya milima ya Marmanet inazama, inasafiri chini kwa chini kuelekea sakafu ya Bonde, inafika kwenye moyo uliozibwa na kurundikana nyuma yake. Jirani yako amechimba ndani ya ukanda wa mipasuko, upande wa juu wa bwawa ambalo hakuna mtu aliyelijenga. Wewe unapata kinachovuja.

Kabla ya kutumia shilingi nyingine, fanyeni jaribio moja ambalo gharama yake ni umeme na urafiki. Muombe jirani aendeshe pampu yake saa 24 mfululizo, na wewe upime kina cha maji yako kila nusu saa kwa kamba yenye kengele au kipimo cha fundi. Maji yako yasipotikisika hata kidogo, ukuta umethibitika. Yakishuka pamoja na yake, basi nimekosea na kuna njia kati yenu, na tutazungumza upya. Nimeona kesi mbili ambapo jaribio hili liliwaokoa watu na gharama ya kisima cha pili.

Ukuta ukithibitika, una mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni kuendelea kushuka. Kama ufa kweli unainamia magharibi, ukimaliza zege utatokea upande wa mashariki, nyuma ya ukuta, kwenye mipasuko ile ile inayomlisha jirani, na maji yatapanda kisimani kwa sababu yako chini ya shinikizo. Hatari yake ni kwamba sijui zege limebakiza mita ngapi, na kama ufa unainamia mashariki, kinyume na ninavyodhani, utazidi kuchimba kuelekea upande mkavu. La pili, kama shamba lako linavuka ukingo, ni kuchimba kipya juu, mashariki mwa mstari, makumi ya mita nje ya moyo. Mimi ningekuwa na ardhi juu ya ukingo, ningechagua la pili bila kusita.

Katika yote mawili, tanguliza upimaji wa kupitisha umeme ardhini, na mistari ya kipimo iukate ukingo, isiufuate. Mwambie mpimaji asikupe namba bila maelezo. Mfinyanzi uliojaa kwenye ufa hupitisha umeme vizuri, hivyo kwenye karatasi huonekana kama maji, na watu wengi wamechimba mfinyanzi kwa furaha kubwa. Silika iliyoganda huonekana kinyume, kama mwamba mkavu usio na nyufa. Kuhusu fimbo za shaba sitasema mengi. Sijawahi kuziona zikitofautisha ufa wazi na ufa uliozibwa. Na mjue kwamba maji mtakayoyapata nyuma ya ukuta ni ya bwawa moja na ya jirani. Mamlaka ya Rasilimali za Maji itataka ripoti na kibali kabla hamjagusa, na safari hii naona ina haki.

Mtu fulani lazima atakwambia umwage asidi. Asidi huyeyusha kalisaiti, na wataalamu huitumia kufungua visima vilivyozibwa na chokaa. Yako ni mchanganyiko: asidi itakula kalisaiti na kuiacha silika imesimama. Usijaribu mwenyewe kwa galoni ya dukani. Povu uliloliona kwenye ndimu ni hewa ukaa. Kisimani itajaa kwa wingi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia chini na kwenye mashimo ya karibu, na imeua watu walioinama kuchungulia.

Jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kuliacha kwa sababu wajukuu wako wanaota meno. Kuganda kwa kalisaiti hakuishii kwenye kuziba njia. Kila chembe inayoganda inaondoa kalisi ndani ya maji. Miamba yetu ya volkeno inatoa floraidi, na kalisi ndiyo ingeikamata floraidi hiyo na kuigeuza jiwe. Maji yaliyokwisha kupoteza kalisi yake, yakabaki na magadi magadi, huachia floraidi ielee. Ndiyo asili ya meno ya kahawia ambayo watu wa Nakuru tunatambuliwa nayo hata Mombasa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde hukipita. Maji yako na ya jirani yanaweza kutofautiana, kwani ukuta umeyatenganisha na yamekaa na mawe kwa muda usio sawa. Pima yote mawili maabara. Yakizidi, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ambavyo Jimbo Katoliki la Nakuru limevitengeneza kwa miaka mingi, vinafanya kazi kwa maji ya kunywa na kupikia. Ng'ombe nao huathirika wakinywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka, ingawa watu huangalia zaidi meno ya watoto.

Na kwa wale waliosoma hadi hapa wakijiuliza kama zile nyufa zinazofunguka magharibi mwa mji wetu wakati wa masika ni jambo hili hili: zina undugu, lakini hadithi yake imegeuzwa. Kule juu kuna majivu na pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno yenye matundu, ambazo hazikupata saruji yoyote. Maji ya mvua huzisomba na kuzitumbukiza kwenye mipasuko iliyofichika chini, na siku moja barabara inabonyea. Kule shida ni kukosa kuungwa. Kwako, Mwalimu, shida ni kuungwa mno.

Lile gunia la vipande usilitupe. Kama bado unakumbuka kipi kilitoka mita ngapi, vitenge kwenye mifuko midogo na uandike namba kwa kalamu ya wino usiofutika, hasa kuanzia mita 90 hadi 100 na zile za mwisho kabisa, 135 hadi 140. Za mwisho nazitaka zaidi. Mishipa ikianza kupungua na mawe kuwa makubwa zaidi, unakaribia kutoka. Ikiwa bado ni zege tupu, tutaangalia pesa kabla ya kuangalia mashine. Na kama jirani atakubali, njoo na chupa ya maji yake, iliyojazwa pomoni bila kuachwa hewa juu.